MLANGO WA MOYO ULIOHARIBIKA NA NJIA ZA KUUTENGENEZA

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa moyo, na kwa ajili ya baba, mama, mume, mke na wazee wa kanisa wanaomtunza. Lisome polepole. Kama mgonjwa hajui kusoma, msomee kwa sauti, sehemu moja moja. Kisha mwulize maswali yaliyo mwisho wa somo.

Siku hizi habari hufika upesi hata kwetu Salamabila. Mtu husikia kwa redio au kwa simu kwamba huko Ulaya madaktari hubadilisha mlango wa moyo pasipo kupasua kifua, na mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku chache. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini habari ya kweli ikisikiwa nusu yaweza kumdhuru mtu. Mmoja huuza shamba na mbuzi zake, akasafiri mbali, akaambiwa kwamba njia hiyo haimfai. Mwingine huacha sindano zake, akisema, "Nangoja mlango mpya." Basi yafaa tujue habari yote: ugonjwa unatoka wapi, njia hiyo ni nini, inamfaa nani, na mgonjwa wa Kabambare au Kasongo afanye nini leo.

1. MOYO NA MILANGO YAKE

Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa kama huo. Kazi yake ni kusukuma damu. Hupiga mara 100,000 hivi kila siku, usiku na mchana, tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kuume hupeleka damu kwenye mapafu ili ipate hewa safi. Upande wa kushoto huipokea damu hiyo na kuisukuma mwilini mwote, kichwani hata vidoleni.

Damu lazima iende mbele tu, isirudi nyuma. Umeona mgono wa kuvulia samaki? Samaki huingia kwa mdomo wake, lakini hawezi kurudi nje. Ndivyo ilivyo milango ya moyo. Iko minne. Ni myembamba kama jani, lakini ina nguvu nyingi. Damu ikija, mlango hufunguka. Damu ikiisha kupita, mlango hujifunga. Ile sauti anayoisikiliza daktari kifuani mwako kwa chombo chake ni sauti ya milango ikijifunga.

Milango miwili ya upande wa kushoto ndiyo inayoharibika zaidi. Mmoja uko kati ya chumba cha juu na chumba cha chini. Jina lake ni mlango wa mitrali. Wa pili uko mahali damu inapotoka moyoni kuingia katika mshipa mkuu. Jina lake ni mlango wa aota.

Mlango huharibika kwa namna mbili. Kwanza, waweza kuwa mwembamba wa nafasi, yaani pembe zake zimeshikana na haufunguki vizuri. Hapo damu hupita kwa shida na kurundikana nyuma, kama maji ya mto yaliyozibwa kwa magogo. Pili, mlango waweza kuvuja, yaani haujifungi vizuri, na damu hurudi ilikotoka. Hapo moyo hufanya kazi ile ile mara mbili. Wengine wana makosa yote mawili katika mlango mmoja.

2. UGONJWA HUANZIA KOONI

Katika nchi za matajiri, wengi wanaopata ugonjwa wa mlango wa moyo ni wazee. Mlango wa aota hukaa miaka mingi, ukashika chokaa, ukawa mgumu. Kwetu sivyo. Kwetu wagonjwa wengi ni watoto, vijana na akina mama wachanga, na ugonjwa wao ulianzia kooni.

Kuna kijidudu kiitwacho streptokoki. Humwingia mtoto kooni, hasa mtoto wa miaka 5 hata 15. Koo huuma, mtoto hushindwa kumeza, hupata homa, na vifindo vya shingo huvimba. Baada ya siku chache hupona, na mama hushukuru. Lakini kwa watoto wengine ugonjwa haukuisha. Mwili ulitengeneza askari wa kupigana na kijidudu, na askari hao hawatambui vizuri adui na ndugu. Baada ya juma mbili au tatu hugeuka, wakapigana na mwili wenyewe: viungo, ngozi, ubongo na milango ya moyo. Ugonjwa huu huitwa homa ya baridi yabisi.

Mtoto mwenye homa hii huumwa na magoti, vifundo vya miguu au viwiko. Leo ni goti hili, kesho ni kiwiko kile, maumivu yanahama. Watoto wengine mikono na miguu yao huchezacheza yenyewe, wala hawawezi kushika kikombe pasipo kumwaga. Watu husema, "Mtoto huyu ana pepo," au "Amerogwa." Sivyo. Ni ugonjwa wa ubongo uliotoka kooni. Mlete hospitalini upesi, wala usimwadhibu.

Maumivu ya viungo huisha. Mlango wa moyo hauponi hivyo. Kila mara koo linapougua tena na homa kurudi, mlango huzidi kukunjamana na kuwa mnene, kama ngozi iliyoungua moto mara nyingi.

Kijidudu hiki hupenda mahali watu wanapobanana. Watoto sita wakilala katika chumba kimoja kisicho na dirisha, mmoja akikohoa, wote hukipata. Katika kambi za wachimbaji wa dhahabu upande wa Namoya, na katika nyumba zilizopokea jamaa waliokimbia vita, ndivyo watu wanavyolala. Tena usidhani kwamba jambo hili ni la vijijini tu. Mwaka wa 1998 madaktari walitoa habari ya uchunguzi wa watoto wa shule mjini Kinshasa: katika kila watoto 1,000, kama 14 walikuwa na ugonjwa huu wa moyo.

Wengine humpeleka mtoto mwenye koo kwa mtu wa kukata kilimi. Usifanye hivyo. Kilimi hakina kosa. Kukikata hakuui kijidudu, bali mtoto hutokwa na damu na kupata vidonda vibaya. Dawa ya koo hili ni penisilini. Mtoto akiipata kabla siku 9 hazijapita tangu koo lilipoanza kuuma, homa ya baridi yabisi huzuiwa. Sindano moja, au vidonge vya siku 10 vikimezwa vyote, yatosha kuokoa moyo.

3. DALILI ZA MLANGO ULIOHARIBIKA

Mlango ulioharibika waweza kukaa miaka mingi bila kelele. Kisha huanza kusema. Sikiliza maneno yake:

Mtu huhema sana akipanda kilima au akibeba ndoo ya maji, kazi aliyoifanya zamani pasipo shida.

Usiku hawezi kulala chali. Hutaka mito miwili au mitatu, au huketi mpaka asubuhi.

Hukohoa, hata mara nyingine makohozi yana damu kidogo. Watu hudhani ni kifua kikuu.

Moyo hupiga mbio au hupiga ovyo ovyo.

Miguu huvimba jioni. Baadaye tumbo pia.

Hupatwa na kizunguzungu au huzimia akifanya kazi ngumu.

Mtu mwenye dalili hizi asinunue dawa sokoni. Aje apimwe. Daktari atasikiliza kifua, na panapo mashine ya kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ataona milango ikifunguka na kujifunga. Mashine hiyo haiumizi wala haina sumu. Ni ndugu ya ile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni.

4. SINDANO YA KILA MWEZI

Basi sikiliza neno kubwa la somo hili. Kwa wagonjwa wetu wengi, dawa iliyo na faida kuliko zote ni sindano ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, inayopigwa kila juma la nne. Wengine hupigwa kila juma la tatu. Sindano hii haitengenezi mlango uliokwisha haribika. Huzuia kijidudu kisirudi kooni, ili mlango usizidi kuharibika.

Je, ni kweli inasaidia? Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, madaktari waliwatafuta watoto ambao milango yao ilikuwa imeanza kuharibika kidogo, nao hawajaona dalili yo yote. Nusu yao walipigwa sindano kila juma la nne kwa miaka miwili, nusu hawakupigwa. Mwaka wa 2021 matokeo yalitangazwa. Katika watoto 399 wa sindano, 3 tu walizidi kuugua. Katika watoto 400 wasio na sindano, 33 walizidi. Pima wewe mwenyewe: 3 na 33.

Mgonjwa huuliza, "Nipigwe mpaka lini?" Aliye na mlango ulioharibika hupigwa miaka 10 au zaidi, na wengine mpaka watimize miaka 40. Ni muda mrefu, na sindano inauma. Lakini hesabu: sindano 13 kwa mwaka ni nyepesi kuliko safari moja ya kwenda kupasuliwa moyo.

Angalia mambo mawili. Kama umewahi kuwashwa mwili, kuvimba uso au kukosa pumzi baada ya kupewa penisilini, mwambie mwuguzi kabla hajakupiga. Tena, mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kabisa, anayehema hata akiketi, asipigwe sindano hii kabla daktari hajamtazama. Yeye huenda atapewa vidonge badala yake.

5. JINSI MADAKTARI WALIVYOJIFUNZA KUWEKA MLANGO MPYA

Zamani mlango ukiharibika kabisa, daktari hakuwa na la kufanya. Mwaka wa 1960, huko Marekani, Dwight Harken na Albert Starr, kila mmoja mahali pake, waliweza kuweka mlango uliotengenezwa kwa mikono ya watu ndani ya moyo wa mgonjwa. Mlango ule ulikuwa kama kitunga kidogo chenye mpira ndani yake. Damu ikija, mpira ulisogea. Ikiisha kupita, ulirudi kuziba.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi. Mfupa wa katikati ya kifua hukatwa. Moyo husimamishwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anaposhona mlango. Kisha moyo huamshwa tena. Mfupa hupona kwa muda wa juma 6 hata 12. Kazi hii ni kubwa, lakini imewaokoa watu wengi sana, na hata leo ndiyo njia inayowafaa wagonjwa wengi wa kwetu.

Baadaye madaktari walitafuta njia za kumjeruhi mgonjwa kidogo zaidi. Zimepatikana njia tatu.

Njia ya kwanza ni tundu dogo. Daktari hakati mfupa wote wa kifua. Hupita kati ya mbavu kwa mkato wa sentimeta chache, akitumia vyombo virefu vyembamba. Mashine ya moyo na mapafu bado hutumika. Kidonda ni kidogo, damu inayopotea ni chache, na mgonjwa hurudi kazini mapema.

Njia ya pili ni mpira wa kupulizwa. Ilianzishwa na daktari wa Japani, Kanji Inoue, katika miaka ya 1980. Daktari hutoboa mshipa kwenye kinena, akaingiza mrija mwembamba, akaupeleka polepole mpaka moyoni. Mwisho wa mrija mna kimpira. Kikifika katikati ya mlango wa mitrali ulioshikana, hujazwa maji, kikavimba, kikazitenga pembe za mlango. Kisha hutolewa. Hakuna mlango mpya uliowekwa. Ule wa zamani umefunguliwa tu. Njia hii huwafaa vijana na akina mama ambao mlango wao ni mwembamba lakini bado ni laini, wala hauvuji sana.

Njia ya tatu ndiyo hiyo inayosemwa redioni. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka mlango mpya wa aota kwa njia ya mshipa, pasipo kufungua kifua. Mlango huu umetengenezwa kwa ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe au wa nguruwe, nayo imeshonwa ndani ya wavu wa waya. Hukunjwa mpaka uwe mwembamba kama kalamu, ukapitishwa katika mshipa wa kinena. Ukifika mahali pake hufunguliwa kama mwavuli. Mlango wa zamani hautolewi. Husukumwa pembeni, na mlango mpya hushikwa katikati yake. Mara nyingi kazi huisha kwa saa moja au mbili.

6. JE, NJIA HII YA TATU INANIFAA MIMI?

Hapa ndipo watu wanapokosa. Sikiliza vizuri.

Mlango huu wa kukunjwa ulitengenezwa kwa wazee wa Ulaya na Marekani, ambao mlango wao wa aota umekuwa mgumu kwa chokaa. Ule ugumu ndio unaoshika waya wa mlango mpya usitoke mahali pake. Fikiri habari ya nguzo: ukiichimbia katika udongo mgumu, hukaa, ukiichimbia katika tope, huanguka. Kijana wa kwetu aliyeharibiwa na homa ya baridi yabisi, mara nyingi mlango wake wa aota hauna chokaa, nao huvuja. Hauna kitu kigumu cha kushika. Tena mara nyingi ulioharibika ni mlango wa mitrali, na wakati mwingine miwili pamoja.

Neno la pili ni umri. Mlango wa ngozi ya mnyama huchakaa. Kwa mzee waweza kukaa miaka 10 au 15, labda maisha yake yote. Kwa kijana huchakaa upesi zaidi, naye atahitaji mwingine, na mwingine tena.

Neno la tatu ni mali. Mlango huo peke yake, pasipo hospitali wala safari, bei yake ni maelfu mengi ya dola.

Kwa hiyo, kama wewe ni mzee wa miaka 70 au zaidi, nawe unazimia au unaumwa kifua ukitembea, na daktari amesema mlango wako wa aota ni mgumu na mwembamba, uliza habari za njia ya tatu. Kama wewe ni kijana au mama mwenye mlango wa mitrali ulioshikana, uliza kwanza habari za mpira. Kama mlango wako unavuja sana, au milango miwili imeharibika, yaelekea utahitaji kupasuliwa. Usione haya wala usidhani umenyimwa kilicho bora. Njia iliyo bora ni ile inayofaa ugonjwa wako.

Wataalamu wa Cape Town, Afrika ya Kusini, wamekuwa wakitafuta namna ya kutengeneza milango ya kukunjwa inayofaa vijana wenye ugonjwa wa kwetu, tena kwa bei nafuu. Tuwatakie heri. Lakini mgonjwa wa leo asiache dawa ya leo kwa ajili ya mlango wa kesho.

7. KABLA YA KUFUNGA SAFARI

Hapa Salamabila hakuna wa kufanya kazi hizi, wala Kasongo. Katika Afrika ya Mashariki kuna hospitali zinazopasua moyo: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 2015, Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, Hospitali ya King Faisal, Kigali, na Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, ambayo ni hospitali ya misioni iliyoanzishwa mwaka wa 1937. Lakini usipande pikipiki kwenda njia ndefu namna hiyo pasipo kufanya mambo haya:

Kwanza, upate barua ya daktari inayosema jina la ugonjwa, mlango gani umeharibika, na dawa unazotumia. Pili, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kama hapa haipatikani, upelekwe inakopatikana. Tatu, daktari wako aiandikie au kuipigia simu hospitali ya mbali, ajibiwe kama watakupokea, lini, na kwa franka au dola ngapi. Nne, meno yako yatazamwe, na yaliyooza yang'olewe au yatibiwe. Tano, jamaa wapatane nani atakwenda nawe, na nani atabaki na watoto.

Na kabla hujakubali kazi yo yote, mwulize daktari: Mlango gani utatengenezwa? Kwa njia gani, na kwa nini hiyo? Mlango mpya utakuwa wa chuma au wa mnyama? Hatari zake ni nini? Kwa maana kila njia ina hatari, hata ile ya tundu dogo: kutokwa na damu, kupooza, moyo kupiga polepole mno hata kuhitaji chombo cha kuuamsha, au mlango kuvuja pembeni.

Wako wagonjwa wengi wa Kasongo na Kabambare walio Waislamu. Kama hutaki mlango wa nguruwe, sema mapema wala usiogope. Iko milango ya ng'ombe, na iko ya chuma. Daktari mwema hatachukia kuulizwa.

8. MLANGO MPYA UNA SHERIA ZAKE

Watu hudhani kwamba aliyewekwa mlango mpya amekwisha maliza habari ya hospitali. Sivyo.

Mlango wa chuma hauchakai upesi, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Donge likitoka, huenda kichwani na kumpoozesha mtu, au mlango wenyewe hukwama. Kwa hiyo mwenye mlango wa chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Dawa hiyo ni warfarini au ndugu zake. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, damu humwagika. Kwa hiyo damu hupimwa kila mara. Kama mahali unapokaa damu haiwezi kupimwa, mwambie daktari kabla hajachagua mlango. Mashauri haya yana uzito kama kazi yenyewe.

Mwenye kunywa dawa hii asiongeze dawa ya miti, wala dawa ya maumivu, pasipo kuuliza. Sombe na lengalenga ni chakula chema, lakini vinapunguza nguvu ya dawa. Usiviache, ule kiasi kile kile kila juma, si sufuria nzima leo na hakuna kabisa mwezi ujao.

Mlango wa mnyama, kwa kawaida, hauhitaji dawa hiyo maisha yote, lakini huchakaa.

Wote wenye mlango mpya wafanye haya: wapige meno mswaki kila siku, kwa maana vijidudu vya meno mabovu huingia katika damu na kukaa juu ya mlango. Wamwambie mng'oa meno habari ya mlango wao, ili wapewe dawa kwanza. Homa ikidumu siku mbili au tatu, waje wapimwe damu, wasiseme ni malaria tu. Wapunguze chumvi na samaki wa chumvi. Na sindano ya penisilini iendelee kama daktari alivyoagiza, kwa sababu milango mingine bado ni ile ya zamani.

9. NENO KWA AKINA MAMA NA WAUME ZAO

Mwanamke akiwa na mimba, damu yake huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Mlango ulio mwembamba hauwezi kupitisha damu hiyo. Kwa hiyo wengi huanza kuugua katika mwezi wa saba, au mara tu baada ya kuzaa. Mama huhema, huvimba, hukohoa, na nyumbani husema, "Ni mimba tu." Wengine hufa hivyo, nao hawajapimwa hata mara moja.

Mume, mkeo mwenye mimba akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usingoje asubuhi ya pili. Mlete.

Binti mwenye ugonjwa wa moyo aseme na daktari kabla ya kuolewa na kabla ya kushika mimba. Warfarini yaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa katika miezi ya kwanza. Mama akiiacha ghafula, mlango wake wa chuma waweza kuziba. Kwa hiyo asiiache mwenyewe wala asinyamaze. Aje mara anapoona siku zake zimepita. Na jamaa wasimhesabu kuwa mke asiyefaa. Wengine huzaa salama wakitunzwa vizuri. Wengine mwili wao hauwezi, na kuwapumzisha ni kuwaokoa.

10. KAZI YA KANISA

Watu wengine huuliza kama kupigwa sindano mwaka hata mwaka ni kukosa imani. Mkulima huomba mvua, naye hupanda. Mgonjwa aombe, naye aje siku ya sindano.

Kanisa laweza kufanya mambo manne yasiyohitaji mali nyingi. Mwalimu wa shule aangalie mtoto anayeumwa koo au anayechechemea, amtume kituo cha afya. Akina mama waijue siku ya sindano ya kila mtoto mgonjwa katika kijiji chao, wamkumbushe. Vijana wenye pikipiki wamchukue anayekaa mbali. Na mgonjwa akiitwa Kigali au Dar es Salaam, changizo lianze mapema, lihesabiwe mbele ya watu, liandikwe.

Mwaka wa 2018 mataifa yote katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani yalikubali kwamba ugonjwa huu waweza kuzuiwa, na kwamba imepasa uzuiwe. Neno hilo litatimia wapi? Litatimia pale mama wa Salamabila atakapomleta mtoto wake mwenye koo siku ya pili, wala si mwezi wa pili.

MASWALI YA KUJIBU

1. Milango ya moyo iko mingapi, nayo inafanya kazi gani?
2. Mlango huharibika kwa namna gani mbili?
3. Ugonjwa wa koo wawezaje kuharibu moyo?
4. Penisilini ya koo itolewe kabla ya siku ngapi?
5. Katika watoto wa Gulu, wangapi walizidi kuugua kwa sindano, na wangapi pasipo sindano?
6. Kwa nini mlango wa kukunjwa hauwafai vijana wengi wa kwetu?
7. Taja mambo matano ya kufanya kabla ya safari.
8. Mwenye mlango wa chuma afanye nini kila siku?
9. Ni nani katika kijiji chako anayehitaji kukumbushwa sindano mwezi huu? Utamwendea siku gani?